Miss Withers, Miss Marple au binti wa Santa Rosa: uanze na mpelelezi yupi?

Ukimwomba mtu akutajie mpelelezi wa sinema za zamani, atakutajia mwanamume: koti refu, kofia imeinamia jicho, chupa ya wiski kwenye saraka ya meza. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za Bwana Msa na kiko chake, kisha tukahamia kwa Willy Gamba na bastola yake, hatukuona ajabu. Kumbe tangu miaka ya 1930 studio za Hollywood, na baadaye za Uingereza, zilikuwa zikitoa filamu ambazo anayefumbua fumbo ni mwanamke, na inspekta ndiye anayemfuata nyuma akiuliza umejuaje.

Ziko nyingi na hazilingani ubora. Nyingine ni tamu mpaka leo, nyingine zimechuja kama kanga iliyoanikwa juani miaka. Ukianza na mbaya utadhani zote ziko hivyo, na utarudi kwa wanaume wenye makoti.

Kipimo changu nakitaja mapema ili tusibishane bure: kesi inapofika mwisho, iko mikononi mwa nani? Filamu nyingi za aina hii humwacha mwanamke ahangaike saa nzima, afuate nyayo, aone wasichokiona askari, halafu dakika kumi za mwisho humfungia chumbani na muuaji ili mwanamume apate mlango wa kuvunja. Chache humwacha amalize alichokianza. Mengine, kama urefu wa filamu, kasi ya Kiingereza chake, na kama watoto wanaweza kukaa nayo, nitayataja njiani.

Mwalimu wa New York

Miss Hildegarde Withers ni mwalimu wa shule. Hajaolewa, ni mrefu, mkavu wa maneno, na mwavuli hauachi. Alitoka kwenye riwaya za Stuart Palmer, na studio ya RKO ilipomleta kwenye sinema mwaka 1932 ilimpa Edna May Oliver, mwigizaji mwenye uso mrefu na jicho la kukuuliza daftari lako liko wapi. Sijaona mwigizaji na mhusika waliooana namna hii.

Filamu ya kwanza inaitwa Penguin Pool Murder. Mwalimu amewapeleka wanafunzi wake kutembelea jumba la samaki la jiji. Mwizi wa mfukoni anapita mbio, Miss Withers ananyoosha mwavuli, mwizi yuko chini. Haichukui muda, maiti ya dalali wa hisa inaangukia kwenye tangi la pengwini mbele ya macho yake. Kumbuka ni 1932, soko la hisa la Marekani limeporomoka miaka mitatu tu nyuma, kwa hiyo watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa kwa nini dalali ana maadui.

Anafika Inspekta Oscar Piper na sigara yake nene. James Gleason anamwigiza vizuri mno: si mjinga, ila ni askari aliyekwisha kuamua nani ana hatia kabla hajafika. Marehemu ana mke, mke ana mpenzi wa zamani, na wote wawili walikuwepo pale pale. Kesi imekwisha, twende nyumbani. Mwalimu hakubali. Anamkatiza inspekta, anamsahihisha, anamwangalia kama mtoto aliyeleta hesabu ya kunakili. Ubishi wao unaanzia kwenye tangi la pengwini unaishia mahakamani, na ndio utamu wenyewe wa filamu, kuliko hata fumbo.

Tazama anavyohoji. Hatishi mtu, hapigi meza. Anauliza swali dogo, kisha ananyamaza na kusubiri, na mtu mzima mwenye suti anaanza kujieleza kama aliyekutwa na pipi mfukoni. Huo ndio ufundi ambao Piper hana, na si kipaji cha ajabu, ni kazi yake ya kila siku. Mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka yote hiyo anajua uongo unavyokaa usoni. Na mwisho wa kesi uko pale mahakamani, watu wamejaa, na muuaji ananaswa kwa ulimi wake mwenyewe huku mwalimu akiwa ndiye aliyeukamata. Kwa kipimo changu, alama zote.

Ya pili, Murder on the Blackboard ya 1934, naipenda zaidi ingawa wengi huipa ya kwanza ushindi. Safari hii mauaji yanatokea kwenye shule yake mwenyewe. Mwalimu wa muziki anakutwa amekufa, maiti inatoweka kabla polisi hawajaipata, na mojawapo ya vidokezo imeandikwa ubaoni kwa chaki: noti za muziki. Jengo la shule usiku, korido tupu, ngazi za kushuka chini kwenye tanuru, halafu Edna May Oliver anapita humo kama mwenye nyumba. Kama umewahi kufundisha, utajua kwa nini hapo hakuna inspekta wa kumshinda. Anajua nani huchelewa, nani hunywa, nani hamsalimii nani kwenye chumba cha walimu.

Ya tatu, Murder on a Honeymoon ya 1935, inahamia kisiwa cha Catalina, California. Abiria anakufa ndani ya ndege ndogo ya majini, na mwalimu yupo ndani ya ndege hiyo hiyo, likizoni. Fumbo lake ni jepesi, lakini maneno ni makali. Mmoja wa walioandika mazungumzo ni mchekeshaji Robert Benchley na inasikika.

Hapo simama. RKO walitengeneza nyingine tatu baada ya Oliver kuondoka, moja na Helen Broderick na mbili na ZaSu Pitts, na Gleason akabaki kuwa Piper katika zote sita. Broderick anajitahidi. Pitts alikuwa mchekeshaji mzuri wa aina yake, wa kubabaika na kutapatapa kwa vidole, na ndiyo hasa tabia ambayo Miss Withers hana. Ukikutana na The Plot Thickens au Forty Naughty Girls kabla ya zile tatu za kwanza, utatuona sisi tunaomsifu mwalimu kama watu wa kutia chumvi.

Jambo moja la pembeni: mwisho wa filamu ya kwanza inspekta anamchumbia mwalimu, naye anakubali. Filamu ya pili inaanza kama vile hilo halikutokea. Hakuna maelezo, hakuna ndoa, kila mtu kwake. Waandishi waliona haraka kwamba mwalimu akiolewa hadithi imekufa.

Bibi wa kijijini na sura zake mbili

Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, hahitaji kutambulishwa. Swali ni yupi, kwa sababu kwenye sinema kuna wawili wanaogombewa, Margaret Rutherford na Angela Lansbury.

Rutherford alimwigiza mara nne, zote chini ya mwongozaji George Pollock: Murder, She Said (1961), Murder at the Gallop (1963), Murder Most Foul na Murder Ahoy (zote 1964). Alikuwa anakaribia miaka 70 alipoanza. Mwenyewe alisitasita kukubali, hakupenda kuchezea habari za mauaji, na waliosoma maisha yake wanajua sababu: kabla hajazaliwa, baba yake alimuua babu yake mzaa baba akiwa amerukwa na akili. Halafu tazama alichokifanya na kazi hiyo aliyoiogopa.

Murder, She Said ndiyo ya kuanzia. Miss Marple yuko kwenye treni, treni nyingine inakwenda sambamba, pazia la dirisha la pili linafyatuka na kupanda juu, na ndani anaonekana mwanamume anamkaba mwanamke koo. Treni zinaachana. Anatoa taarifa. Polisi wanakagua, hakuna maiti, na wanaanza kumwangalia yule bibi na riwaya yake ya mauaji aliyokuwa akisoma: labda ulisinzia, mama. Hapo unaona kidevu cha Rutherford kinatokeza mbele, mashavu yanatikisika, na unajua Scotland Yard imejitafutia balaa. Anavaa nguo za mafundi wa reli na kwenda kukagua njia mwenyewe. Akiona maiti lazima ilirushwa kwenye uwanja wa jumba fulani la kitajiri, anaomba kazi ya uhausigeli humo humo.

Kwenye kitabu cha Agatha Christie mambo hayako hivyo. Anayeona mauaji ni rafiki yake, anayeingia kwenye jumba ni msichana aliyeajiriwa, na Miss Marple anafikiri. Filamu imezikusanya kazi zote tatu ikampa bibi mmoja. Wapenzi wa vitabu hukasirika, nami nawaelewa, kwani Miss Marple wa vitabuni ni mwembamba, mpole, anafuma sufu na kusikiliza umbea wa kijiji mpaka umbea wenyewe umtajie muuaji. Wa Rutherford ni mpana, anapanda farasi, anacheza twisti, na katika Murder Ahoy anapigana kwa upanga. Filamu mbili za katikati zilitokana na vitabu ambavyo mpelelezi wake hata si Miss Marple bali ni Poirot, na ya nne haikutokana na kitabu chochote. Christie hakuzipenda filamu hizi. Lakini mwaka 1962 alitabaruku riwaya moja kwa Rutherford, kwa kuvutiwa naye. Mtu anaweza kuchukia nyumba akampenda mpangaji.

Na kwa kipimo changu? Rutherford anafaulu vizuri. Katika Murder, She Said yeye ndiye anayetega mtego na yeye ndiye chambo. Anajua anachokifanya, na amelala kitandani akimsubiri muuaji aje. Wanaume wako karibu, ndiyo, lakini wamewekwa pale na yeye. Mmoja wao ni Bwana Stringer, mkutubi mwoga anayemfuata kila mahali akiomba waache. Stringer hayumo vitabuni kabisa. Aliongezwa kwa ajili ya Stringer Davis, mume wa Rutherford katika maisha ya kweli. Ukishajua hilo, kila akimshikia mkoba au kumwambia kuwa hili ni la hatari, utacheka mara mbili.

Sasa Lansbury. Ile riwaya aliyotabarukiwa Rutherford ndiyo iliyokuja kuwa The Mirror Crack'd ya 1980, iliyoongozwa na Guy Hamilton. Mwanzo wake ni mzuri kuliko filamu nzima. Ukumbini kijijini wanaonyesha filamu ya upelelezi, nyeusi na nyeupe, mpelelezi amewakusanya washukiwa wote sebuleni, anataka kumtaja muuaji, na projekta inaharibika. Watu wanalalamika. Miss Marple anasimama, anawaeleza muuaji ni nani na kwa nini, anachukua vitu vyake na kwenda nyumbani. Ukiitazama kwa ajili ya dakika hizo tu hujapata hasara.

Baada ya hapo anaumia mguu, anabaki nyumbani, na filamu inamfuata Elizabeth Taylor, Kim Novak, Rock Hudson na Tony Curtis wakitupiana maneno. Wanatupiana vizuri, sikatai. Lakini umekuja kumwona mpelelezi, na mpelelezi yuko kitini na bandeji, akiletewa habari na mpwa wake askari. Anaifumbua, kwa kichwa chake, kama anavyofanya vitabuni. Ila muda wake kwenye kioo ni mdogo mno, na Lansbury, aliyekuwa na miaka hamsini na kitu tu, amezeeshwa kwa vipodozi na inaonekana. Alichokikosa hapo alikipata miaka minne baadaye kwenye televisheni akiwa Jessica Fletcher wa Murder, She Wrote, iliyoendelea mpaka 1996.

Anayetaka Miss Marple wa vitabuni hasa, basi aache filamu zote hizi amtafute Joan Hickson kwenye mfululizo wa BBC wa 1984 hadi 1992. Hickson huyo huyo yumo ndani ya Murder, She Said kama mfanyakazi wa nyumba. Mtafute humo, ni mchezo mzuri wa kucheza na mwenzako.

Kati ya mwalimu na bibi, basi? Rutherford anachekesha zaidi na picha ziko safi zaidi, na muziki wa Ron Goodwin utakukaa kichwani wiki nzima. Miss Withers ana akili kali zaidi na mpinzani wa maana zaidi. Inspekta Craddock wa Rutherford ni mpole mno kugombana naye. Nikiwa na wageni nitaweka Rutherford. Nikiwa peke yangu, mwalimu.

Wenye haraka

Torchy Blane ni mwandishi wa habari, na Glenda Farrell anamwigiza kana kwamba gazeti linafungwa dakika mbili zijazo. Warner Bros. walitoa filamu tisa kati ya 1937 na 1939, saba zikiwa na Farrell. Ya kwanza, Smart Blonde, inamwonyesha ndani ya teksi inayokimbizana na treni, kisha anarukia treni ikiwa inatembea, kwa sababu kuna mtu anataka kumhoji. Haifiki hata saa nzima. Kwenye hadithi za Frederick Nebel zilizoizaa, mwandishi huyu alikuwa mwanamume mlevi. Studio ilimgeuza mwanamke na kumfanya mchumba wa mpelelezi Steve McBride. Jerry Siegel, mmoja wa wawili waliobuni Superman, alisema mwenyewe kuwa Lois Lane alitokana na Torchy.

Nampenda, lakini kuna mawili ya kujua. Anaongea haraka mno. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza tafuta nakala yenye maandishi chini, la sivyo utaambulia nusu. Na McBride hachoki kumwambia tuoane uache kazi hii. Kesi huwa ameifumbua yeye, lakini mara nyingi bastola ya mwisho ni ya McBride. Nusu alama.

Nancy Drew ni wa watoto, na kwa watoto ni mzuri. Bonita Granville alimwigiza katika filamu nne za Warner mwaka 1938 na 1939: ana gari lake, baba mwanasheria anayemwamini kupita kiasi, na rafiki, Ted, anayeburutwa kwenye kila balaa mpaka mara moja anavalishwa nguo za nesi. Nancy wa vitabuni ni mtulivu. Huyu ni mchangamfu, mwongo mwongo, na anavunja sheria huku akitabasamu. Binti wa miaka kumi atampenda. Nancy Drew... Reporter inapatikana bure mtandaoni kwa kuwa hakimiliki yake Marekani ilishakwisha, lakini iliyo bora ni Nancy Drew and the Hidden Staircase, yenye mabibi wawili wazee, jumba kubwa na wosia. Iruke Nancy Drew... Trouble Shooter, au angalau itazame kwanza mwenyewe: mwigizaji Mweusi Willie Best amepewa sehemu ya mtumishi mwoga wa kuchekwa, kama Hollywood ilivyokuwa ikiwafanya waigizaji Weusi wakati ule, na mtoto wa Kiafrika hana sababu ya kukutana na hilo bila mtu wa kulizungumza naye.

Na kama unataka mwanamke aliyepewa kazi rasmi, Lured ya 1947 inamweka Lucille Ball, kabla hajawa malkia wa vichekesho vya televisheni, chini ya Scotland Yard. Rafiki yake ametoweka, muuaji huwapata wanawake kwa matangazo ya magazetini na kuwatumia polisi mashairi, na Ball anaajiriwa kuyajibu matangazo hayo. Ana bastola kwenye mkoba na mshahara. Nusu ya kwanza ni raha tupu. Kisha anapenda, na mwongozaji Douglas Sirk anahamia kwenye mapenzi, na Ball anabaki chambo. Ukiiweka kando ya Rutherford utaona tofauti: bibi alijitega mwenyewe, huyu ametegwa na wengine.

Gizani

Zilizobaki mbili si za kucheka, na hakuna hata mmoja kati ya wanawake hawa anayejiita mpelelezi.

Phantom Lady ya 1944, ya Robert Siodmak, ina Ella Raines kama Carol Richman, ambaye bosi wake humwita Kansas. Ni katibu muhtasi. Bosi amehukumiwa kifo kwa kumuua mkewe, na mtu pekee anayeweza kumwokoa ni mwanamke mwenye kofia ya ajabu aliyekaa naye jioni hiyo. Mhudumu wa baa, mpiga ngoma, kila aliyemwona anasema hakumwona. Kansas anaingia kazini.

Kipande cha baa lazima nikieleze. Kansas anakuja, anakaa mwisho wa kaunta, anamtazama mhudumu. Hasemi kitu. Usiku unaofuata yuko pale pale. Mhudumu anaangusha glasi. Baa ikifungwa anamfuata kwa miguu barabarani, lami imelowa, viatu vyake vinagonga, mpaka juu kwenye kituo cha treni, hakuna mtu mwingine, na unamwona mwanamume yule akipiga hesabu ya hatua ngapi zimebaki kati yake, binti, na ukingo wa jukwaa. Hakuna muziki. Katika filamu zote nilizozitaja hapa, hakuna dakika zinazofikia hizo. Ni upelelezi wa kumtazama mtu tu mpaka avunjike.

Aliyeitayarisha filamu hii ni Joan Harrison, mwanamke, jambo la nadra Hollywood wakati ule. Naye alianza kama katibu wa Alfred Hitchcock mwaka 1933, kisha akaandika pamoja na wengine Rebecca na Foreign Correspondent, na kwa zote mbili jina lake likaingia kwenye mashindano ya Oscar. Alijua katibu anaona nini ofisini wakati bosi anadhani yuko peke yake.

Kisha theluthi ya mwisho. Filamu inatuonyesha muuaji mapema, inamrudisha inspekta, na Kansas aliyemvunja mhudumu kwa macho tu anabaki kwenye chumba cha muuaji akisubiri ukweli umfikie. Namkasirikia Siodmak kila nikiitazama. Ni filamu bora kuliko zote za RKO za mwalimu, na kwa kipimo changu inafeli.

Shadow of a Doubt ya Hitchcock, 1943, haifeli. Charlie ni binti wa Santa Rosa, mji mdogo California, na jina amepewa la mjomba wake, mdogo wake mama, ambaye familia nzima inamwabudu. Mjomba anakuja kukaa. Analeta zawadi. Binti anapewa pete ya zumaridi, anaitazama kwa karibu, na ndani yake kuna herufi za majina ya watu wengine.

Mjomba amechana ukurasa wa gazeti. Charlie anakimbia maktaba usiku ikiwa inafungwa, anambembeleza mkutubi, analipata gazeti, anasoma habari ya wajane waliouawa, anavua pete, anatazama herufi. Kamera inapanda juu mpaka binti anakuwa mdogo sakafuni. Teresa Wright hasemi neno.

Kuanzia hapo tatizo si tena kujua; anajua. Tatizo ni mama yake. Akimtaja mjomba, mama anakufa kwa aibu na huzuni. Akinyamaza, anakula meza moja na muuaji ambaye naye ameshajua kwamba binti anajua. Hii siyo hali ngeni kwetu, ya familia kuchagua heshima ya mtu mzima mbele ya neno la binti, na ndiyo maana naamini filamu hii itamshika Mswahili kuliko hata Mmarekani wa leo. Itazame na dada zako, halafu subiri mjadala.

Silaha yake ni ile pete. Nyumba imejaa wageni, mjomba amesimama na glasi, Charlie anashuka ngazi polepole, mkono kwenye reli. Kamera inausogelea mkono. Mjomba anaiona pete kidoleni, na papo hapo anawatangazia wageni kuwa anaondoka mjini. Hakuna askari aliyeingia, hakuna mlango uliovunjwa. Yupo mpelelezi kijana mwenye kupenda ndani ya hadithi, lakini wakati unaohitaji mtu, hayupo, na linalobaki kati ya Charlie na mjomba wanalimaliza wao wawili.

Usisome maelezo yake mtandaoni kabla ya kuitazama. Mengi yanataja mwisho kwenye sentensi ya pili. Ina dakika 108 na Kiingereza chake hakikimbii. Ukiwa na jioni moja tu, chukua hii. Ukiwa na saa moja na dakika chache, Murder on the Blackboard. Murder, She Said iweke Jumapili mchana, watoto wamejaa sebuleni.